Buibui Tunaoishi Nao Nairobi
(Mhadhara kwa wakazi wa mtaa, Buruburu, Jumamosi alasiri)

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa kina mama mlioacha nguo kwenye karai mkaja kunisikiliza.

Hii chupa mnayoiona mezani ilikuwa ya jemu. Ndani yake yuko buibui niliyemtoa jana jioni chini ya kiti cha plastiki, pale kwenye baraza yangu. Tutamfikia. Yeye ndiye sababu ya kukubali mwaliko huu, maana kati ya buibui wote ninaowakuta ndani ya nyumba hapa mtaani, ni huyu tu ningependa kila mzazi amtambue kwa macho.

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na sentensi ninayoletewa mara nyingi zaidi ni hii: "Mwalimu, nimeumwa na buibui." Nami huuliza, ulimwona? Karibu kila mara jibu ni hapana. Mtu alilala salama, akaamka na kidonda, akatazama juu kwenye kona ya dari, akamwona mshtakiwa.

Sasa sikilizeni. Buibui hanyonyi damu ya binadamu. Hana haja na wewe. Karibu wote wana sumu, ni kweli, kwa sababu ndiyo wanayotumia kuua inzi na mende, lakini wengi wana meno madogo mno hata hayapenyi ngozi yetu. Anayeuma huwa amebanwa: umemkalia, umemvaa pamoja na kiatu, umemshika.

Basi kile kidonda kilitoka wapi? Mara nyingi, hapa kwetu, ni yule mdudu tunayemwita Nairobi fly. Na jina hilo limetupotosha, maana si inzi, ni jamii ya mbawakawa. Ana miguu sita, mwili mwembamba kama wa siafu, mwekundu na mweusi kwa zamu. Wa rika langu mnakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, tulivyoamka na nyuso zimebabuka. Mdudu huyu haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na inakupata unapomponda. Ngozi haiungui papo hapo. Ni kesho yake au keshokutwa ndipo unaona mstari mwekundu wenye malengelenge, pale ulipompangusia. Akipondwa kwenye kikunjo cha kiwiko, utaona alama mbili zinazotazamana, kama wino uliokunjiwa ndani ya karatasi. Ukimwona juu ya mkono, mpulize aruke. Ukiwa umeshamponda, osha kwa sabuni na maji mengi, na usiguse macho kabla ya kuosha.

Kuna na sababu nyingine ambayo mimi binafsi siwezi kuitaja kwa utulivu. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka sita, alitoka uvimbe pajani. Zahanati tuliyokwenda ilituambia ni buibui, tukapewa mafuta ya kupaka. Nikapaka siku nne. Usiku wa tano homa ikapanda, mguu ukawa moto. Daktari mwingine akatazama mara moja tu: jipu, bakteria wameingia. Akalipasua, mtoto akapewa antibiotiki, akapona. Zile siku nne bado zinaniuma, kwa sababu mwalimu wa baiolojia ndiye aliyekuwa akipaka mafuta. Kwa hiyo ninaposema usimsingizie buibui, simtetei buibui peke yake. Kidonda chenye joto, kinachovimba na kutoa usaha, kinataka daktari leo.

Turudi ndani ya nyumba. Yule mwenye miguu mirefu myembamba, anayening'inia kwenye kona ya dari, ukigusa utando wake anatikisika mpaka humwoni vizuri. Wapo wanaoapa kwamba sumu yake inashinda ya wote. Si kweli, hana madhara kwako. Siku moja msogelee kwa tochi ya simu: ukimkuta jike ana mayai, utaona ameyabeba mdomoni, kifurushi chenye nyuzi chache tu. Mwacheni. Anakula hata buibui wenzake.

Mwingine ni yule bapa wa ukutani, rangi ya vumbi, anayekimbia kiubavu usiku ukiwasha taa. Huyu ndiye anayepigisha watu mayowe, nami naelewa, mbio zake zinashtua. Hatandi utando wa kunasia. Kile kisahani cheupe kama karatasi mnachokikuta kimegandamana nyuma ya picha au kalenda ni mayai yake.

Na mrukaji wa dirishani, mdogo, anayegeuka kukutazama kwa macho mawili makubwa mbele na sita mengine. Hapa niruhusuni nitoke nje ya Nairobi kidogo. Kandokando ya Ziwa Victoria, pande za Mbita, yupo mrukaji anayependelea mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, lilitolewa mwaka 2003. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita waligundua hata harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta, kwa maana penye miguu ya watu ndipo penye mbu. Nilipoyasoma hayo niliweka fagio chini. Mnaokwenda ushago upande ule, mtazameni ukutani kabla ya kumpiga kandambili.

Haya, chupa. Huyu Waingereza humwita brown widow, mjane wa kahawia. Tumbo lake ni la mviringo, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, miguu ina mikanda mikanda. Nikigeuza chupa, chini ya tumbo mnaona alama ya rangi ya machungwa, pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Utando wake ni ovyo ovyo, lakini mgumu. Ukiukata kwa kijiti unasikika. Ila msisubiri kumgeuza. Tafuteni mayai: vidonge vya rangi ya maziwa, vyenye miiba kila upande kama mbigili. Vikiwepo, yeye yupo. Chini ya viti vya nje, ukingoni mwa vyungu vya maua, ndani ya tairi kuukuu, kwenye viatu vilivyokaa nje.

Akiuma, kwa kawaida panauma na kuwa pekundu, kisha yanapita. Osheni pale palipoumwa, wekeni kitu cha baridi. Misuli ikikaza, jasho likitoka bila sababu, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, nendeni hospitali bila kungoja asubuhi.

Wanaojenga pembezoni mwa jiji, kwenye ardhi iliyokuwa mbuga juzi, wanaweza kumkuta yule mkubwa wa manyoya anayeishi shimoni. Msimshike. Anauma kwa uchungu.

Mama pale nyuma ameuliza kama apulize dawa nyumba nzima. Mama yangu, dawa ile itatua kwenye godoro la mtoto. Zima taa ya nje usiku, wadudu wasije, na buibui hatakuwa na cha kumleta. Fagia kona. Kung'uta viatu. Viti vya nje vipindue kila wiki, na ukikuta zile mbigili, zitumbukize kwenye maji ya sabuni, mkono ukiwa ndani ya glavu. Wengine, gilasi na kipande cha karatasi ngumu vinatosha kuwatoa.

Sasa pangeni mstari mje mumwone, watoto mbele. Kifuniko nimekitoboa kwa sindano ili apumue. Tazameni, msikifungue.