"Akina Mama Wako Wapi?": Bibi Titi na Wanawake wa TANU

ZUHURA: Assalaam alaikum na karibuni, wasikilizaji. Mimi Zuhura, na huyu mwenye shati lililoloa ni Juma.

JUMA: Mvua ya Kariakoo haina adabu, dada. Lakini nimefika.

ZUHURA: Ulipitia wapi?

JUMA: Barabara ya Bibi Titi, nikakatisha Mnazi Mmoja.

ZUHURA: Umepita juu yake, basi. Nikikuuliza Bibi Titi ni nani, utaniambia nini?

JUMA: Mama mmoja mzee wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Alikuwa anahutubia na Mwalimu Nyerere.

ZUHURA: Mzee! TANU imeanza Julai 1954, yeye kazaliwa 1926. Piga hesabu.

JUMA: Ishirini na nane. Alaa! Mdogo kuliko wewe.

ZUHURA: Hilo hukuulizwa. "Bibi" kwa Dar es Salaam ya enzi hizo ilikuwa heshima tu, kama tunavyosema "Bi" fulani. Sisi tukisikia bibi tunamwona ajuza na mkongojo, kumbe ni binti wa mjini, kasoma darasa chache, na sauti yake inajulikana kwenye ngoma.

JUMA: Ngoma gani?

ZUHURA: Kikundi kiliitwa Bomba. Yeye ndiye alikuwa mwimbishaji, wenzake wanaitikia. Shika hapo, kwa sababu mazungumzo yote ya leo yamekaa kwenye hiyo Bomba.

JUMA: Haya. Ila kwanza kisa cha yule Mwingereza. Nakipenda sana.

ZUHURA: Kisimulie basi.

JUMA: Mwaka 1955 anakuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, anaitwa John Hatch. Anakaa na viongozi wa TANU, wanaume watupu. Anawauliza, je, chama kina wanawake? Wanamjibu, wapo. Akasema basi angependa kuwaona.

ZUHURA: Hapo ndipo watu walipoanza kutazamana.

JUMA: Tawi la wanawake lilikuwa kwenye karatasi tu! Ikabidi atafutwe mtu haraka. Mwana-TANU mmoja, Schneider Plantan, akaenda kwa Bibi Titi, maana kadi ya chama tayari alikuwa nayo. Mumewe Boi Selemani, dereva wa teksi, alikuwa na namba 15, na yeye mke namba 16.

ZUHURA: Sasa hapo ndipo huwa nagombana na wanaosimulia. Hadithi yao inaishia hapo: wanaume walikumbuka, wakamwita mama, mama akaja, akina mama wakamfuata. Kama vile wanawake walikuwa wamekaa wanasubiri kuamshwa.

JUMA: Si alienda akawahamasisha?

ZUHURA: Aliwahamasisha wapi? Hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vingi vya wanawake, na kila kimoja kina kiongozi wake, kina sare yake, kina michango yake. Mwenzenu kafiwa, mnajua nani anapika na nani anatoa nini. Ana harusi, mnajua nani anakaa mbele. Ukimshawishi kiongozi mmoja, umeshapata kundi zima. Kabla 1955 haijaisha, wanawake kama 5,000 walikuwa na kadi.

JUMA: Ndani ya miezi michache?

ZUHURA: Miezi michache.

JUMA: Ngoja nikubishie kidogo, dada. Mwalimu si ndiye aliyekuwa na hoja? Yeye ndiye aliyekwenda Umoja wa Mataifa 1955.

ZUHURA: Alikuwa nazo, tena nzuri. Lakini hoja bila wa kuisikiliza ni mtu anaongea peke yake. Halafu angalia kitu kingine. Kwenye hizo ngoma anakaa Mzaramo, anakaa Mmanyema, anakaa Mnyamwezi, wanaimba Kiswahili kimoja. Habari ya kuvunja ukabila, wale wanawake walikuwa wanaiishi tayari, uwanjani.

JUMA: Hiyo sikuwahi kuiwaza.

ZUHURA: Na haikuwa rahisi. Wapo waliozificha kadi, mume asijue. Siyo kila mume alikuwa Boi.

JUMA: Mikoani je? Kulikuwa na Lucy Lameck kule Moshi.

ZUHURA: Lucy ni kisa kingine, muuguzi, akaenda kusoma chuo cha Ruskin, Oxford, baadaye akawa bungeni. Huyo tutampa siku yake. Leo sitaki tumtumie kama kiungo cha mchuzi.

JUMA: Sawa. Sasa twende kwenye sehemu chungu.

ZUHURA: Uhuru 1961. Mwaka 1962 inaundwa UWT, umoja wa wanawake, Bibi Titi mwenyekiti, na serikalini ni waziri mdogo. 1965 anapoteza kiti cha ubunge Rufiji. 1967 linakuja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa nazo. Hakukubali kuziacha, akatoka kwenye uongozi.

JUMA: Na 1969 akakamatwa.

ZUHURA: Kesi ya uhaini. Kifungo cha maisha. Akatoka 1972 kwa msamaha wa Rais.

JUMA: Rais yule yule aliyekuwa naye jukwaani.

ZUHURA: Yule yule. (kimya) Sitaingia kwenye hukumu, majaji walishaketi. Ila miaka iliyofuata jina lake lilinyamaziwa, na watoto wengi wa shule walilisikia kwanza kama jina la barabara. Alifariki Novemba 2000, Johannesburg.

JUMA: Unajua ninachofikiria? Mama yangu ni katibu wa kikundi cha kuzikana, mtaani kwetu. Mwaka wa ishirini na ngapi sijui.

ZUHURA: Anaandika?

JUMA: Kila kitu. Nani katoa, nani kafiwa, nani kagoma kutoa. Madaftari yapo kwenye ndoo ya plastiki, chini ya kitanda.

ZUHURA: Ndoo ina mfuniko?

JUMA: Nadhani.

ZUHURA: Unadhani! Na mvua hii? Mpigie sasa hivi.

JUMA: Tuko hewani, dada.

ZUHURA: Wasikilizaji watasubiri. Piga.