Mkataba wa Kabla ya Ndoa na Boma Langu la Kibosho

Haya watu wangu mambo zenu, naomba mmvumilie huyo jogoo maana niko nyumbani Kibosho, Moshi, kwa mama, nimekaa kibarazani, mtandao unakuja unaondoka, na hapo nyuma mnaona migomba na lile boma langu lisilo na bati. Ndo ntaliongelea leo.

Wiki iliyopita kwenye laivu nilisema mimi na mchumba wangu tumeandikiana mkataba wa kabla ya ndoa, kule Marekani wanaita prinapu, yaani mnaandika mapema mali ipi na deni lipi ni la nani. Jamani nilisemwa! "Mchaga na hela tena", "huyu anaolewa au anafungua duka", mmoja akaandika mkaka wa watu akimbie mapema. Nimecheka mpaka basi, hafu nikaona ngoja niongee.

Sisi tunaishi Houston, Texas. Texas ni moja ya yale majimbo 9 ambayo sheria yake inasema mshahara na mali mnazopata mkiwa kwenye ndoa ni za wote wawili, hata kama jina lililoandikwa ni moja. Ulichokuja nacho kinabaki chako, zawadi na urithi pia, ila mkishachanganya hela kwenye akaunti moja miaka kumi nani atakumbuka ipi ilikuwa ya nani? Mkataba unawaruhusu mpange wenyewe tofauti na hivyo, mradi uwe wa maandishi na wote mmesaini kabla ya ndoa. Ukilazimishwa kusaini hauna nguvu, na ukiwa wa kinyonyaji hafu mwenzio alikuficha mali zake au madeni yake, mahakama inaweza kuutupa. Na matunzo ya mtoto hayapunguzwi humo, usije ukaandika eti tukiachana mimi sichangii maziwa.

Basi kilichonifumbua macho mimi ni ile karatasi ya nyuma ya kuorodhesha mali na madeni. Tulikaa mezani usiku nimetoka zamu, miguu imevimba, yeye ametoka barabarani na lori lake, chai inapoa. Mimi nikaandika gari ambalo bado nadaiwa, mkopo wa chuo, akiba yangu. Yeye kwenye mali aliandika chap chap, alivyofika kwenye madeni akaanza kuchorachora vimaua pembeni mwa karatasi. Nikajua hapa kuna jambo. Dola 11,000 za krediti kadi! Miaka miwili tuko wote, najua mpaka namba ya kiatu chake, hilo sikuwahi kulisikia. Kumbe baba yake aliugua kule kwao Tengeru, Arusha, na yeye akalipia matibabu kimya kimya, riba ikawa inajizalisha tu. Nilinuna siku mbili, sio kwa sababu ya deni, yaani kwanini nilijulie kwenye fomu? Lakini bora kwenye fomu kuliko mwaka wa tatu wa ndoa barua za wadai zinakuja mlangoni kwangu. Tukaandika kwamba deni ni lake, atalipa kutoka kwenye mshahara wake, na harusi tukaisogeza kutoka Desemba hii mpaka Juni ili apate pumzi. Kamati ya harusi ilikuwa imeshaanza kukusanya ahadi, walinuna nao.

Hafu ikaja hela ya nyumbani. Nikaandika: Mama, Kibosho, dola 200 kila mwezi. Akaiangalia ile mistari, akachukua kalamu, chini yake akaandika: Mama, Tengeru, 150. Hakuwahi kuniambia na mimi sikuwahi kumwambia, kila mtu alikuwa anatuma kwa kujificha kama mwizi. Tumekubaliana hizo zinatoka kabla ya kitu kingine chochote na hakuna kuulizana. Hizi hela za nyumbani zimevunja ndoa ngapi za Wabongo kule, mnazijua wenyewe.

Mwishoni nikaandika kwa kujiamini kabisa: nyumba, Moshi. Wakili wangu (kila mmoja alikuwa na wake, msije mkatumia mmoja) akaniuliza hati iko wapi. Sina. Ardhi ni ya nani? Nikaanza kumweleza mama wa watu wa Texas kihamba ni nini, yaani shamba la ukoo la migomba, kwamba baba kabla hajafariki alinionyesha kwa fimbo akasema mwanangu jenga hapa, mashahidi mama na migomba, na kwamba kwa mila zetu hapa nyumbani ni pa kitindamimba, yaani mdogo wangu wa kiume. Akanisikiliza wee, akaniambia sasa hiyo sio nyumba yako. Iliniuma! Nondo zangu, tofali zangu, mpaka lenta nimefika, vyote nimevimwaga kwenye ardhi ambayo sina hata kikaratasi. Na hapo mume hajaingia bado.

Nilivyotua huku nikaenda mjini kwa wakili wa Moshi. Akafungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, ndoa haibadilishi umiliki wa mali isipokuwa wenyewe mmekubaliana vinginevyo. Nikashangilia. Akasema subiri, soma na cha 114. Mkiachana mahakama inagawa mlichochuma kwa pamoja, na humo inaingia hata mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa kama mwenzio ameiendeleza kwa kiasi kikubwa, au mmeiendeleza pamoja. Kwahiyo boma hili, shemeji yenu akituma hela tukapaua kwa bati za msauzi, tukapiga lipu na tailizi, limeshaingia kwenye kapu la wote. Na sio hela tu, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango, kwahiyo wakaka mnaosema mke wangu hakununua hata tofali moja, poleni.

Tumeandika hivi: kuta ni zangu, atakachoweka yeye kinaandikwa na risiti inatunzwa, tukiachana anarudishiwa chake. Na yeye ana boma lake Tengeru, nalo hivyo hivyo. Ila ya ardhi wakili kaniambia yawe kwenye makaratasi ya huku huku, nisitegemee ya Texas.

Shangazi yangu juzi kaja juu, eti unapanga kuachana hata hujaolewa? Shangazi huyo huyo ndo anatunza daftari la mahari, kaandika mbuzi wangapi, mablanketi mangapi, mbege ndoo ngapi, na kipi bado hakijaletwa! Baba mdogo akanyanyuka, akamwonyesha masale, ile mimea ya kuweka mpaka wa shamba, akamuuliza haya alipanda nani? Ni babu na mdogo wake, na walikuwa wanakunywa mbege kata moja kila jioni. Shangazi kanyamaza, japo sidhani kama kakubali.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi, mwenyekiti wa kijiji atakuwepo. Mdogo wangu kasema atasaini hicho kipande kiwe changu ila na yeye ana sharti, ukuta wangu usizibe njia anayopitisha majani ya ng'ombe. Nimemwambia na hilo liandikwe.

Haya mama ananiita nikamenye ndizi za mtori, komenti zenu ntazisoma usiku nikipanda kule juu kwenye mtandao.