Usingizi Mrefu wa Mchanga

Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kuniazima meza hii. Kabla sijasema lolote naomba mziangalie chupa hizi mbili. Zote zina maji, zote nimezitia udongo uleule, kijiko kwa kijiko. Iliyo kulia kwenu nimeiongezea chumvi. Ya kushoto haina. Nazitikisa kwa pamoja, hivi, na kuziweka chini. Tutazirudia baadaye.

Mnaona mchanga umeshatua chini? Hata sikuchelewa kusema. Chembe ya mchanga mwembamba, yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, huzama karibu sentimita moja kwa sekunde. Chupa ina kina cha sentimita 20, basi nusu dakika inatosha. Sasa chukueni chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa sehemu mbili za elfu za milimita. Ni ndogo mara 50 kuliko ile ya mchanga, na mtu angetarajia ichelewe mara 50. La. George Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba mwendo wa chembe ndogo inayozama hufuata mraba wa kipenyo chake. Ukikata upana nusu, mwendo unabaki robo. Ndogo mara 50, polepole mara 2,500. Chembe hiyo ikiachwa peke yake itahitaji saa zipatazo 15 kufika chini ya chupa hii, na hapo maji yametulia kabisa. Mtoni hayatulii hata dakika moja.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha mto mwekundu akasema "huu ni udongo wa mashamba ya juu kule unapita," ana haki kwa sehemu. Zile chembe laini sana zikishaingia majini hazina sababu ya kushuka. Lakini sentensi ile inaficha jambo ambalo ndilo nililokuja kulisema leo. Mashapo mengi ya mto, yaani mchanga, changarawe na tope vinavyobebwa na maji, hayapiti. Yamelala. Chembe ya mchanga au changarawe hutumia sehemu kubwa mno ya maisha yake ikiwa imekaa mahali, na safari zake zote ukizijumlisha ni dakika chache za hapa na pale. Anayetaka kuujua mto asipime mwendo tu. Apime na usingizi.

Aliyeliona hili mapema kwa macho ya hesabu ni Hans Albert Einstein. Ndiyo, mwana wa yule mnayemfikiria, na alichagua mito. Katika kazi yake ya udaktari huko Zurich, miaka ya 1930, aliacha kuuliza mchanga wa chini ya mto unakwenda kasi gani. Aliichukulia chembe moja kama mtu anayerukaruka: inaruka hatua, inapumzika, inaruka tena. Urefu wa hatua ni bahati nasibu, muda wa kupumzika nao ni bahati nasibu, na kinachowezekana kutabiriwa ni uwezekano tu. Wahandisi wa wakati ule walitaka jibu moja la kuandika kwenye mchoro wa mfereji, yeye akawapa bahati nasibu. Naamini alikuwa sahihi kuliko walivyotaka awe.

Na nini huiamsha chembe? Filip Hjulström wa Uppsala, Sweden, alichora mwaka 1935 mchoro ambao wanafunzi wa jiografia wanauchukia hadi leo, kwa sababu unakwenda kinyume na akili ya kawaida. Kokoto kubwa zinahitaji maji ya kasi, hilo halina ubishi. Mchanga unahitaji kasi ndogo zaidi. Ukiendelea kushuka kwenye chembe laini kabisa, ungetegemea kasi inayohitajika ipungue zaidi. Badala yake inapanda tena. Udongo wa mfinyanzi uliokwisha kutua na kushikana unahitaji maji ya kasi kama ile ya kung'oa changarawe, kwa kuwa chembe zake zimegandana. Kwa hiyo anayesinzia kwa shida kuliko wote, akishalala, ndiye mgumu kuamshwa.

Tuziangalie chupa. Ya kushoto bado ni kama chai ya maziwa. Ya kulia imeanza kuwa na mawingu, na juu kuna maji yanayopenya mwanga. Udongo ni uleule. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi ya umeme usoni, zinasukumana, kila moja inaogelea kivyake. Chumvi inaibana ile chaji, chembe zinakaribiana, zinanasana, zinakuwa mabonge mepesi kama pamba, na bonge huzama haraka kuliko chembe. Hiki ndicho kinachotokea mto unapokutana na bahari. Mto unaweza kubeba tope lake mamia ya kilomita bila kulitua, ukafika kwenye maji ya chumvi ukalimwaga. Tambarare za matope mnazoziona midomoni mwa mito zinadaiwa na chumvi kama zinavyodaiwa na mto.

Sasa niwape mifano miwili, yote ya Marekani, si kwa sababu mito ya kwao ina akili zaidi bali kwa sababu huko watu walipima mapema na vipimo havikupotea.

Wa kwanza ni kijito cha Coon Creek, Wisconsin. Walowezi walilima miinuko yake vibaya tangu katikati ya karne ya 19, udongo ukamomonyoka kwa wingi wa kutisha. Miaka ya 1930 wataalamu wa hifadhi ya udongo waliingia, wakafundisha kulima kwa kufuata kontua, na mwaka 1938 wakapima sura ya bonde kwa mistari ya kukata toka ukingo hadi ukingo. Stanley Trimble alirudi miongo kadhaa baadaye kwenye mistari ileile. Alichokuta ni hiki: mmomonyoko wa mashamba ulikuwa umepungua sana, lakini mashapo yaliyotoka mwishoni mwa kijito kuingia mto Mississippi hayakubadilika kwa kadiri hiyo. Na hata katika ile miaka mibaya, chini ya sehemu moja kwa kumi ya udongo uliomomonyoka ndiyo iliyotoka bondeni. Mengine yote yalibaki chini ya miinuko, juu ya mabonde madogo, kwenye tambarare za mafuriko. Mto ulikuwa na ghala. Mashamba yalipoacha kuuletea udongo, ulianza kuchota ghalani.

Fikirini maana yake kwa mtu aliyekaa na kipimo chake mwisho wa kijito tu. Mwaka ambao mashamba yanaangamia angeandika "tope, kiasi fulani." Mwaka ambao mashamba yamepona angeandika karibu kiasi kilekile. Angesema hifadhi ya udongo haisaidii kitu, na vipimo vyake vingekuwa sahihi kabisa.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Katika milima ya Sierra Nevada, California, kuanzia miaka ya 1850, wachimba dhahabu waligundua kwamba bomba la maji yenye shinikizo linaweza kubomoa mlima mzima. Walibomoa. Kifusi kikaingia mitoni, vitanda vya mito vikainuka, mafuriko yakafunika mashamba ya bondeni, na mwaka 1884 hukumu ya mahakama ikausimamisha uchimbaji ule. Kesi imekwisha, mabomba yamezimwa. Mto haukusoma hukumu. Grove Karl Gilbert aliufuata mchanga ule kwa miaka, na ripoti yake ya 1917 ilihesabu zaidi ya mita za ujazo bilioni moja za kifusi, akaonyesha kwamba kilishuka mtoni kama wimbi: kitanda kinapanda, kinafika kileleni, kisha kinashuka taratibu, na kilele chenyewe kinahamia chini mwaka baada ya mwaka hadi ghuba ya San Francisco. Zebaki iliyotumiwa kunasa dhahabu ilisafiri na mashapo yale, na sehemu yake ingali ndani ya matope ya ghuba hadi sasa. Wajukuu wa wajukuu wa wachimbaji wanaambiwa wapunguze kula baadhi ya samaki wa pale.

Tunajuaje muda wa kulala? Hapa ndipo kazi yangu inanipa furaha, mtanivumilia nikikaa kidogo.

Kwa mashapo yaliyolala muda mfupi, hadi karne moja hivi, tuna risasi, ile metali. Udongo hutoa gesi ya radoni, gesi inapanda hewani, inageuka hatua kwa hatua kuwa risasi-210, ambayo hushuka na mvua na kunata kwenye chembe laini. Kila miaka 22 hivi nusu yake hutoweka. Ukitoboa tope la ziwa kwa bomba na kulikata vipande kama mkate, unaona risasi hiyo ikipungua kadiri unavyoshuka, na upungufu huo ni saa. Baada ya karne moja na ushee saa inanyamaza. Tuna pia sesiamu-137, ambayo haikuwapo duniani kwa kiasi cha kupimika kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kilele chake katika mashapo mengi ni mwaka 1963. Kwenye tambarare ya mafuriko, ukikikuta kilele hicho sentimita 40 chini, basi sentimita 40 zimetua tangu 1963, na hakuna haja ya kuuliza wazee.

Lakini kipimo ninachokipenda ni cha mwanga. Chembe ya kwatzi, madini yaliyojaa kwenye mchanga, ikifukiwa hupokea mnururisho mdogo wa asili kutoka kwenye udongo unaoizunguka, na hujilimbikizia nishati humo ndani mwaka hadi mwaka. Ikiliona jua, hata kwa muda mfupi, nishati yote inamwagika na chembe inaanza upya kutoka sifuri. Sisi tunaichimbua bila kuionyesha mwanga, kwa bomba la chuma lililozibwa pande zote, tunaifungua kwenye chumba chenye taa hafifu nyekundu, tunaimulika kwa mwanga maalumu, nayo inawaka kidogo. Ukali wa kuwaka kwake unatuambia imekaa gizani muda gani. Yaani tunaiuliza chembe yenyewe, "mara ya mwisho kuliona jua ilikuwa lini?" na inajibu: miaka 300, miaka 12,000. Mara ya kwanza nilipopata jibu la maelfu ya miaka kutoka ukingo ambao nilidhani umejengwa na mafuriko ya zama za babu yangu, nilirudia kipimo mara tatu nikiamini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Upande wa mwendo wenyewe nitapita haraka. Kosa kubwa la wapimaji ni kupenda mchana na jua. Tope la mwaka mzima mara nyingi hupita katika siku chache za mafuriko, kwa sababu maji yakiongezeka maradufu, mashapo yanaongezeka zaidi ya maradufu. Anayechota sampuli moja kila mwezi anapima usingizi na kuuita mwendo. Na hata kwenye furiko moja, maji yanayopanda na yanayoshuka katika kina kilekile hayafanani. Mara nyingi yanayopanda ni machafu zaidi, kwa kuwa yanazoa kilichokuwa tayari kando. Furiko langu bora kuliko yote nililikosa. Lilikuja saa tisa za usiku, nami niliamka kulikuta kingoni limebaki alama tu.

Wakati mwingine kuamka ni kwa ghafla. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko lilitikisa sakafu ya bahari kusini mwa Newfoundland. Nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari zikakatika, na zile za mbali zilikatika moja baada ya nyingine kwa saa kadhaa, kuelekea kwenye kina. Kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na maelezo ya kuridhisha. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walisema: mashapo ya mteremko yaliporomoka, yakachanganyika na maji, yakawa mkondo mzito wa tope uliokimbia sakafuni na kukata waya mmoja mmoja. Kampuni za telegrafu zilikuwa na kumbukumbu za dakika kila waya uliponyamaza, kwa hiyo bila kukusudia walikuwa wameweka saa njiani. Mwendo uliopatikana ulizidi kilomita 60 kwa saa. Tope lililokuwa limelala maelfu ya miaka, likaenda mamia ya kilomita kwa usiku mmoja, likalala tena.

Kuna swali limeletwa kwenye karatasi: bwawa likijaa mashapo kisha likabomolewa, itakuwaje? Kuna mahali palipojaribiwa. Mto Elwha, jimbo la Washington, ulikuwa na mabwawa mawili ya mwanzoni mwa karne ya 20. Uvunjaji ulianza 2011 ukakamilika 2014. Mashapo ya karibu karne nzima yakaachiwa. Wengi waliogopa mto ungezibwa usipitike, haukuzibwa. Tope lilifika baharini haraka, na mlangoni mwa mto, ambako ufuo ulikuwa umeliwa ukabaki na mawe, mchanga ulirudi ukajenga ardhi mpya. Lakini si yote yaliyoondoka. Sehemu iliyobaki imesimama huko juu kama matuta kando ya mto, yalipokuwa mabwawa, juu kuliko maji ya kawaida yanavyofika, na miti imeota juu yake. Swali la lini yataondoka linategemea furiko ambalo bado halijaja.

Chupa ya kulia sasa imetulia, mnaweza kusoma gazeti kupitia nusu yake ya juu. Ya kushoto iacheni ilivyo, mlinzi ameniahidi hataimwaga, na kesho asubuhi anayetaka aje aitazame.