Muiri: Kutoka Tunda Hadi Mche

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Mti huu mnaouona nyuma yangu ni wa misitu ya milimani. Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin tenduet, Waluhya mwiritsa. Gome lake huchemshwa kutuliza maumivu ya tumbo na homa, na tangu miaka ya 1960 Wazungu hulitengenezea dawa ya tezi dume. Tamaa ya gome hilo imeua miti mingi: ukiubandua mti pande zote, unakauka umesimama. Leo hatubandui, tunaotesha.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe. Fikicha jani, nusa: linanukia lozi. Kikonyo kina wekundu, na gome ni jeusi, limepasukapasuka. Tahadhari: harufu hiyo huambatana na sumu ya sianidi, kwa hiyo usitafune jani wala mbegu.

Sasa matunda. Chuma yaliyoiva, yaliyoacha ukijani yakawa mekundu ya kuelekea zambarau. Wahi mapema, maana ndege na kima hawatakusubiri.

Loweka usiku kucha, kisha sugua juu ya chekeche mpaka nyama yote itoke. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaanika juani kama mahindi. Mbegu ya muiri ikikauka sana inakufa, na haiwekeki ghalani ikangoja msimu ujao. Itandaze kivulini maji ya juu yakauke, halafu isia upesi, ndani ya siku chache.

Kitaluni changanya udongo wa msituni na mchanga. Fukia mbegu kidogo tu, udongo wa juu usizidi sana unene wa mbegu yenyewe. Funika kwa nyasi, mwagilia bila kutuamisha maji. Kisha vumilia, maana huota baada ya wiki kadhaa, tena si zote kwa pamoja. Mimi mara ya kwanza nilifukua kuchungulia, nikavunja vimizizi vilivyokuwa vimeanza kutoka!

Mche ukitoa majani mawili matatu ya kweli, uhamishie kwenye kiriba, yaani kifuko cha kukuzia miche. Ushike kwa jani, usibane shina. Punguza kivuli polepole ili uzoee jua, na uupeleke shambani mvua zikishika. Joto la pwani haliufai, huu ni mti wa baridi ya mlimani.

Ukishapanda, zungushia miiba. Mbuzi hawajali kama ni dawa.