Wapagazi wa Maandiko

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko, asalaam aleykum. Asanteni kwa kuja na jua hili la Tabora la mwezi wa tisa. Mlio nje chini ya miembe, tumewageuzia spika, mtanisikia vizuri.

Nimeombwa nizungumzie mambo tusiyoyajua sana juu ya watu wa Biblia. Nilikubali siku ileile. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, na kila mwaka tunawarudia walewale: Nuhu na safina, Daudi na kombeo, Danieli na simba. Watoto wanakua wakidhani kitabu kizima kina watu kumi na watano.

Yapo mambo ya chemsha bongo, hayo niyapitie upesi. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu. Anataja zawadi tatu. Hesabu ya watu tumeiweka sisi. Tunda la Edeni halina jina popote katika Mwanzo. Sauli hakubadilishiwa jina kwenye njia ya Dameski: katika Matendo sura ya 13 bado anaitwa Sauli, na hapo ndipo Luka anatueleza kwamba ndiye Paulo pia. Alikuwa na majina mawili, kama wengi wetu humu, la nyumbani na la kazini. Na Methusela, chukueni kalamu: alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki alimzaa Nuhu akiwa na 182, gharika ikaja Nuhu akiwa na 600. Jumlisheni. Ni 969, umri wa Methusela barabara. Mzee yule alikufa mwaka wa gharika.

Maria Magdalena ninamsimamia kidogo, maana amedhulumiwa. Hakuna Injili iliyosema alikuwa kahaba. Luka anasema alitolewa pepo saba na kwamba yeye na wanawake wenzake walimhudumia Yesu kwa mali zao. Ni mahubiri ya Papa Gregori wa Kwanza, mwaka 591, yaliyomuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki liliipandisha siku yake kuwa sikukuu, sawa na siku za mitume. Basi walimu wenzangu, mkifika kwake mwambieni mtoto yaliyoandikwa.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta.

Sisi ni watu wa Unyanyembe. Njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa tulipokaa, na babu zetu walijulikana pwani nzima kwa kazi moja, upagazi. Walibeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga, risasi na vitanda vya wageni. Wageni wakarudi kwao wakaandika vitabu, na ndani ya vitabu hivyo wapagazi wengi ni idadi tu: mizigo kadhaa, watu kadhaa. Nimekulia na uchungu huo. Ndiyo maana nikisoma Biblia jicho langu linakwenda kwa wale waliotajwa mstari mmoja, waliobeba kitu kisha wakaondoka. Kitabu hiki kimewaandika wapagazi wake.

Fungueni Yeremia 38. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, mkate unakaribia kwisha. Yeremia anawaambia watu watoke wajisalimishe wapate kuishi. Wakuu wanne, na majina yao yameandikwa, wanamwendea mfalme Sedekia wakitaka nabii auawe. Mfalme anajibu kwamba Yeremia yumo mikononi mwao, yeye mfalme hana uwezo wa kuwazuia. Wakamshusha Yeremia kwa kamba ndani ya shimo la kuhifadhia maji. Maji hayakuwamo, lilikuwamo tope, na nabii akazama topeni.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2005, na tena mwaka 2008, watafiti wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba Yerusalemu, mahali paitwapo Mji wa Daudi, walipata vidonge vidogo vya udongo vyenye alama ya mhuri. Kimoja kina jina la Yehukali mwana wa Shelemia. Kingine kina jina la Gedalia mwana wa Pashuri. Ni wawili kati ya wale wakuu wanne! Mihuri yao imekaa ardhini karibu miaka 2,600, na leo mtu anaweza kuiona kwa macho.

Na aliyemtoa Yeremia shimoni? Huyo hana mhuri. Anaitwa Ebedmeleki, na hata hilo kwa Kiebrania maana yake ni mtumishi wa mfalme. Ni kama kumwita mtu "karani" mpaka jina lake likapotea. Alikuwa Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, upande wa Sudan ya leo. Mwafrika, towashi, katika nyumba ya mfalme wa watu wengine. Alitoka ikulu akamfuata mfalme aliyekuwa ameketi penye lango la Benyamini, akamwambia kwamba watu hawa wametenda vibaya. Wakuu walikuwa wamemshinda mfalme, mtumishi akamrudisha. Akapewa watu thelathini.

Hapa huwa nasoma polepole. Mngekuwa ninyi mngekimbilia shimoni, mtu anakufa. Yeye alipita kwanza ghalani, chini ya hazina, akaokota matambara na nguo kuukuu. Akamshushia Yeremia na kumwambia ayaweke chini ya makwapa, kisha kamba juu yake. Alifikiri mbele: mtu amedhoofika kwa njaa, amenaswa na tope, wanaume thelathini wakivuta kamba itamkata nyama.

Hiyo ni ngata, ndugu zangu. Bibi yangu hakuwahi kujitwika ndoo bila kusokota kitambaa. Alikuwa akituambia kwamba mzigo hauui, kinachoua ni mahali unapogusana na mwili. Nilipoisoma sura hii nikiwa mtu mzima nilimkumbuka yeye, nikafunga kitabu kwanza.

Sura ya 39 ina ujumbe kwa Ebedmeleki peke yake. Yeremia, akiwa bado kizuizini, anaambiwa amwendee: mji utaanguka, lakini wewe hutatiwa katika mikono ya watu unaowaogopa. Kumbe alikuwa akiogopa! Siku ile langoni, mbele ya mfalme, alikuwa na hofu tumboni, na hakuna aliyeijua isipokuwa Mungu.

Mpagazi wa pili mnamjua, Simoni Mkirene. Kirene ilikuwa Libya ya leo. Marko anasema alikuwa anatoka shamba, hana habari ya kesi wala ya hukumu, wakamshika wakamtwisha msalaba. Neno la Kigiriki alilotumia Marko kwa kushurutishwa kule ndilo lilelile la Mathayo 5, pale Yesu anaposema mtu akikulazimisha kwenda naye maili moja, nenda naye mbili. Lilikuwa neno la amri ya kikoloni: askari wa Kirumi aliweza kumsimamisha mtu yeyote njiani na kumbebesha. Wazee wa hapa hawahitaji kufafanuliwa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikusanya wapagazi kwa namna hiyohiyo, shambani, njiani, sokoni, Wajerumani kwanza, na baada ya Tabora kutekwa Septemba 1916, Wabelgiji.

Lakini Marko anaongeza jambo: Simoni ni baba yao Iskanda na Rufo. Huwezi kuandika hivyo kama wasomaji wako hawawajui vijana hao. Na Paulo, akiwasalimu Warumi sura ya 16, anamtaja Rufo na mama yake, na kusema mama huyo ni mama yake pia. Rufo lilikuwa jina la kawaida na Maandiko hayasemi kwamba ni mtu mmoja. Wafafanuzi wengi wamewaunganisha, na mimi moyo wangu uko upande wao.

Hapohapo Warumi 16, shukeni hadi mstari wa 22. Mtu anajitokeza kusalimu: mimi Tertio, niliyeuandika waraka huu. Mnashtuka? Waraka wa Warumi, mrefu kuliko nyaraka zote za Paulo, mkono uliouandika ni wa Tertio. Paulo alitamka, yeye akashika kalamu, sura kumi na sita. Na jina lake maana yake ni "wa tatu" tu. Mstari unaofuata anatajwa Kwarto, yaani "wa nne". Watumwa wa Kirumi waliitwa hivyo mara nyingi, kwa namba, ingawa hata watu huru waliweza kuwa na jina kama hilo.

Hapa niwapeleke Kwihara, si mbali, mnapajua. Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara na wapagazi aliopelekewa na Stanley kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa kijana Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, katika shule ya misheni ya Nasik. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchini Zambia ya leo, Jacob ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba. Oktoba mwaka huo wakafika hapa Unyanyembe, wakakutana na Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wauzike tu. Wakakataa. Wakaubeba mpaka Bagamoyo. Jacob akasafiri nao hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey.

Halafu? Alirudi Afrika. Alifariki mwaka 1892, hapo Urambo. Urambo yetu hii! Sijapata kusikia mtoto wa shule akiulizwa habari zake. Ndiyo maana nampenda Tertio. Mtume hakumfuta. Alimwachia mstari wake, mwandishi akajisalimia mwenyewe.

Hulda, nabii mwanamke, nitamgusa tu: kuhani mkuu alipokipata kitabu cha torati hekaluni, mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, Yeremia alikuwa ameshaanza kutabiri miaka mitano kabla. Hawakumwendea yeye. Walikwenda kwa Hulda, mke wa mtunza mavazi.

Binti za Selofehadi nao nawataja wote, wametajwa wote: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba amekufa, hana mtoto wa kiume. Wakasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Musa hakuwa na jibu, akaipeleka kesi kwa Mungu. Jibu: hao binti wamenena sawa. Sheria ya urithi ikaandikwa kwa sababu yao. Huo ni Hesabu 27. Tunajua kwamba katika nchi yetu Mahakama Kuu kule Mwanza, mwaka 1990, iliamua mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo aweza kuiuza kama mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa haki sawa ya kumiliki. Bado tukikaa kwenye matanga unasikia mjomba anasema, huyu ataolewa, shamba la nini.

Nami nitamjibu mjomba kwa vigae. Mwaka 1910, kwenye machimbo ya Samaria, vilipatikana vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino, stakabadhi za divai na mafuta za karne ya nane kabla ya Kristo. Zimetaja maeneo mizigo ilikotoka, na kati ya maeneo hayo ya kabila la Manase, kabila la binti hawa, yako mawili yanayoitwa Noa na Hogla. Nchi yenyewe iliitwa kwa majina yao.

Wa mwisho ni Rispa, 2 Samweli 21. Alikuwa suria wa mfalme Sauli. Njaa imekaa miaka mitatu, na Daudi, ili kulipa damu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli, akatoa wazao saba wa Sauli watundikwe mlimani. Wawili walikuwa wana wa Rispa. Ilikuwa mwanzo wa mavuno ya shayiri. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo mpaka mvua ikawanyeshea maiti. Mchana alifukuza ndege, usiku wanyama.

Kule shayiri huvunwa kama mwezi wa nne, na mvua za kawaida huanza kama mwezi wa kumi. Ni kiangazi chetu hiki. Hesabuni tangu Pasaka mpaka leo, bado hajaondoka pale mwambani. Na hakuna neno hata moja aliloandikiwa kulisema. Hakumshtaki mfalme, hakumlaani. Alikaa.

Daudi akaambiwa. Ndipo akaenda mwenyewe kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, iliyokuwa Yabesh-Gileadi miaka yote hiyo, na mifupa ya wale waliotundikwa ikakusanywa, na Sauli na Yonathani wakazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Sasa someni mstari wa 14 kwa makini. Maandiko hayasemi Mungu aliikubali dua ya nchi walipouawa wale saba. Yanasema aliikubali baada ya hayo, baada ya maziko.

Mama pale mlangoni mwenye mtoto, nimeuona mkono wako muda mrefu. Karibu, anza wewe na swali lako.