Ndoo Isiyo na Maji: mhadhara kwa vijana wa katuni, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za jioni mkaja.

Nianze na bibi yangu wa Ujiji. Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza katuni nilimwonyesha kazi kwenye simu: mwanamke yuko ufukweni, anainua ndoo, anajitwika, anaondoka. Nilihangaika nayo wiki tatu. Kanga ilikuwa na maua yake yote, ziwa linametameta. Bibi akatazama, akarudia, akasema, "Mama wa watu mzuri, lakini hiyo ndoo haina maji." Akanirudishia simu yangu.

Nikatafuta kosa kwenye rangi, kwenye kasi, kwenye mkono. Wapi! Nimezaliwa na kukulia kati ya watu wanaojitwika ndoo kila siku, na sikuwahi hata mara moja kumtazama mmoja wao sawasawa.

Kesho yake nikashuka Kibirizi na daftari la shule. Nikamchagua mchukuzi mmoja aliyekuwa akipakia magunia kwenye boti, nikaanza kumchora. Siku mbili za kwanza ni mistari ya hovyo tu. Siku ya tatu nikaanza kuona. Kabla gunia halijapanda, mwili wa yule kaka unashuka kwanza. Miguu inatanuka, kisigino kinazama mchangani, shingo inakaza, pumzi inabanwa. Gunia likishakaa bega la kulia, kiuno kinasogea kushoto, ili mzigo na mwili pamoja viangukie juu ya nyayo. Mstari mmoja tu, kutoka kisogoni hadi kisiginoni, unatosha kueleza anachofanya. Vidole na macho utavichora baadaye. Mwanamke wangu yeye alisimama wima kama nguzo ya umeme, mkono peke yake ndio unapanda.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Anayechora kwa mkono mara nyingi huchora picha 12, kila picha ikakaa fremu 2. Kwa hiyo kujitwika ndoo kwa sekunde 3 ni michoro 36, na katika kila mmoja lazima ujue uzito uko mguu gani. Kompyuta itakujazia michoro ya katikati, ndiyo, lakini mkao wa kwanza na wa mwisho ukiwa na kosa, hata hiyo ya katikati itakuwa na kosa.

Walt Disney alilijua hili. Mwaka 1932 studio yake ilimchukua Don Graham, mwalimu wa chuo cha sanaa cha Chouinard, Los Angeles, awafundishe wachoraji usiku kuchora mtu aliye hai mbele yao. Hao walikuwa tayari na ajira, katuni zao zinaonyeshwa, na bado wakarudi darasani. Filamu yao ndefu ya kwanza ilitoka 1937.

Najua wapo wazazi humu wenye wasiwasi, maana kwenye madarasa mengi ya namna hiyo anayechorwa huvua nguo. Sisi tunaye mvuvi mwenye kaptula anayesukuma mtumbwi. Tunazo kanga pia. Angalia mikunjo ya kanga inavutwa kuelekea wapi, utajua nyonga ipi imebeba mwili. Mimi nimejifunza mengi kwenye kanga kuliko kwenye picha za mifupa vitabuni.

Na kutazama kunataka subira. Hapo Gombe, kaskazini yetu, mtafiti Jane Goodall alifika mwaka 1960 akakaa na daftari akiwatazama sokwe miezi mingi. Ndivyo alivyomwona sokwe akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, anavua mchwa. Nendeni mkakae hivyo hivyo pale stesheni, gatini, kwa akina mama wanaoanika dagaa.

Baada ya miezi minne nilimpelekea bibi kazi ile upya. Akaitazama kimya mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Maji hayo anampelekea nani?"

Haya. Mdogo wangu huyu amekubali kusimama mbele yetu tumchore. Ndoo ile ina lita 20, nimeijaza mwenyewe. Toeni madaftari, raba zibaki mifukoni. Kila mkao sekunde 30, na anzeni na mguu uliobeba uzito. Mdogo wangu, shika ndoo.