Mwani wa kahawia: mafuta yamekaa wapi?

Akina mama wa Naumbu na Msimbati, shikamooni. Wanafunzi, habari zenu.

Hapa Mtwara tukitaja mwani, fikra zinakwenda kwenye spinosamu na kotonii tunaoufunga kambani. Huo ni wa jamii ya mwani mwekundu. Leo nazungumzia wa kahawia, ambao hakuna aliyeupanda: sagasamu, turbinaria, padina. Tunaukanyaga tukielekea mashambani, na mimi naona tunaudharau bure.

Mafuta yake si mengi. Kilo moja ya sagasamu mkavu kwa kawaida haifikishi hata gramu 50, kwa hiyo asije mtu akawaahidi mafuta ya kupikia. Thamani iko kwenye aina ya mafuta yenyewe, na aina hiyo hubadilika kutoka sehemu moja ya mmea hadi nyingine.

Hebu mshike huu hapa. Chini kuna kishikio kilichong'ang'ania mwamba, halafu bua gumu, majani yenye kingo za meno meno, na vibofu vya hewa vidogo kama punje za dengu vinavyouinua kwenye mwanga. Jani ndilo linalopokea jua. Ndani ya kloroplasti zake, yaani vyumba vidogo vya seli vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, kuna tando zilizojaa asidi za mafuta (vipande vinavyounda mafuta) zenye vifungo maradufu vingi, yaani mahali kaboni mbili zimeshikana mara mbili, ikiwemo EPA ya omega-3, yenye kaboni 20 na vifungo vitano vya aina hiyo. Ndiyo maana mara nyingi jani hulipita bua kwa mafuta. Asidi ya palmitiki, isiyo na kifungo maradufu hata kimoja, mtaikuta kila sehemu. Asidi ya arakidoniki, ambayo ni omega-6, hukaa zaidi kwenye tando nyingine za seli, basi uwiano wa omega hizo mbili haulingani kati ya jani na bua. Ukisaga mmea mzima ukatoa namba moja, umeufuta utofauti wote huo.

Kishikio ndicho kinachohitaji subira. Mikunjo yake inaficha mchanga, sponji, konokono wadogo na mwani mwingine. Usipokikwangua na kukisuuza kwa maji ya bahari, utapima mafuta ya viumbe hao.

Halafu jua. Mwani wa kuuza anikeni kwenye vichanja kama kawaida. Sampuli ya mafuta, hapana: oksijeni hushambulia vile vifungo maradufu, na joto na mwanga huzidisha kasi. Sampuli iingie kwenye barafu palepale ufukweni, ifunikwe.

Bamvua lijalo kila kundi lije na mifuko mitano: majani, vibofu, mabua, vishikio, na sehemu za uzazi kama zimeshatoka. Lebo ziandikwe kwa penseli, maana wino unafutika: tarehe, mahali, kina cha maji.